Keke, Mashine na Mkono wa Mwanafunzi

Mlandege ni miongoni mwa mitaa ya Ng'ambo, karibu na Darajani, ambako zamani ulipita mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na upande wa pili kabla haujafukiwa. Hapo pana karakana ya fundi mmoja wa chuma niliyemsomesha. Miezi michache iliyopita alinipigia simu. "Shikamoo Mwalimu. Mashine yangu ya kutobolea imefika. Ukipata nafasi njoo uione ikisimamishwa." Nilikwenda, ingawa nilikuwa na sababu ya kutotaka kwenda. Sababu hiyo nitaieleza, lakini kwanza sina budi kurudi nyuma, kwani bila ya historia ya kutoboa, kosa langu halifahamiki.

Kutoboa si kazi ngeni katika pwani yetu. Kitabu cha safari za bahari kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii ya Afrika Mashariki. Wajukuu wa vyombo hivyo ni mitepe ya upande wa Lamu, iliyoungwa kwa kamba za makumbi badala ya misumari, na ambayo ilikuwa bado ikionekana baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Chombo cha kushonwa ni matundu mamia kwa mamia. Hata jahazi la misumari halikusalimika na kazi hiyo, kwa sababu ubao mgumu ukipigwa msumari mnene bila ya tundu, hupasuka.

Chombo cha kutobolea kilikuwa keke. Askofu Edward Steere, aliyekaa Unguja, aliorodhesha maneno ya ufundi huu katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili cha mwaka 1870. Kijiti kinachozunguka ni msukano. Kishikio cha juu, ambamo kijiti kinazungukia, ni jivu. Kinachokizungusha ni uta, ambao kamba yake huviringishwa kwenye msukano. Chini kabisa ndipo kilipo kijembe, yaani chuma kinachokula ubao. Fundi hukaa chini, akaukandamiza ubao kwa mguu, mkono mmoja ukashindilia jivu, na wa pili ukavuta uta na kuusukuma.

Hapa nakuomba, msomaji, uangalie jambo moja. Uta ukivutwa, kijembe kinazunguka kulia. Ukisukumwa, kinarudi kushoto. Hukwaruza kwenda na kurudi. Kwa hivyo ubao haupati nafasi ya kuchukuliwa. Kabla haujaanza kufuata upande mmoja, keke imeshageuka. Na nguvu yote ni ya mkono wa mtu. Ikikwama, mkono nao unasimama. Ndiyo maana mguu mtupu ulitosha kuushika ubao.

Mwaka 1863 Mmarekani Stephen Morse alipata hataza ya biti iliyosokotwa, yenye mifereji inayopanda kama ngazi ya mnara. Mifereji hiyo hutoa taka nje ya tundu. Lakini biti ya namna hii hukata kwa upande mmoja tu, na msokoto wake huelekea kujivuta wenyewe ndani ya kile inachokitoboa. Mwaka 1889, huko Melbourne, Arnot na Brain waliandikisha keke ya umeme. Tangu hapo kazi ya uta ikachukuliwa na mota, isiyochoka wala isiyohisi kwamba imekwama.

Huku kwetu, mwaka 1980 waya wa umeme ulipitishwa chini ya bahari kutoka Bara hadi Unguja, na karakana nyingi zikaelemea kwenye mashine. Hatari ya kutegemea waya mmoja tuliijua baadaye. Mwaka 2008 kisiwa kilikosa umeme kiasi cha mwezi mmoja, kisha tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Fundi wangu bado ameitundika ukutani keke ya mkono aliyofanyia kazi miezi ile.

Sasa nieleze sababu yangu. Mwaka 1983, kabla sijawa mwalimu mkuu, nilikuwa nikisomesha kazi za mikono katika skuli moja ya Unguja. Tukapewa mashine ya kutobolea ya kusimama. Ilikuja ndani ya sanduku, bila ya mtu wa kutufundisha. Chuo cha ualimu kilinipa ufundi wa seremala wa msumeno, randa na keke, na kwa ilimu hiyo nikajiona nimetosha. Nikaiweka mashine juu ya meza bila kuifunga kwa bolti. Nikawaambia vijana, "Shikeni vizuri."

Mmoja wao alikuwa akitoboa bati nene la kufanyia bawaba, amelishika kwa mkono wa kushoto. Biti ilipofika chini, pale inapotokeza upande wa pili, ikaliuma bati na kulizungusha kama upanga. Kiganja kilichanika, na kidole kimoja hakikukunjika tena. Jioni, katika kitabu cha matukio, niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba mwanafunzi hakuwa makini.

Mwanafunzi huyo ndiye fundi wa Mlandege.

Nilimkuta ameshachimba matundu manne sakafuni na kuikaza mashine kwa bolti. Imetoka Dubai, imeshatumika, lakini nguzo yake imenyooka. Akaweka pima maji kwenye kitako, kisha akasimamisha skwea baina ya meza na biti, akaihakikisha pembe kwa mbele na kwa ubavuni. Meza ikipinda kidogo, aliniambia, tundu nalo litakwenda upande. Akafungua kifuniko cha juu na kunionyesha mikanda na magurudumu ya ngazi. Biti kubwa huzungushwa polepole, ndogo kwa kasi. Kwa chuma cha kawaida, biti ya milimita 12 hutaka kama mizunguko 750 kwa dakika, na ya milimita 6 hutaka 1,500. Hesabu ni nyepesi: upana ukiwa nusu, mizunguko ni maradufu, ili makali yapite juu ya chuma kwa mwendo ule ule.

Baada ya hapo akachukua kipande cha chuma, akakipiga alama kwa panchi ili biti isiteleze, akakibana ndani ya jiliwa, na jiliwa lenyewe akalifunga kwenye meza kwa bolti mbili. Akautoa ufunguo kwenye kinywa kinachoshika biti, kwani ukisahauliwa pale mashine huurusha. Akaniambia nikunje mikono ya kanzu na nisogee. Glovu hakuvaa, mashine inayozunguka huzivuta pamoja na mkono uliomo. Alitia mafuta, akateremsha biti, na alipokaribia kutokea upande wa pili akapunguza nguvu.

Nilipomwona anapunguza, nilifahamu nilichokuwa sikukifahamu mwaka 1983. Nilikuwa nimewafundisha vijana desturi ya keke juu ya chombo kisichokuwa keke. Mashine ilikuwa imeshachukua kazi ya kuzungusha, na kazi ya kushindilia ikaifanya kwa wenzo. Kazi ya kushika peke yake niliiachia mkono wa mtoto, nao ulikuwa ukishindana na mota. Kijana yule alikuwa makini sana. Alifanya lile hasa nililomwambia.

Alipozima mashine nikamwambia khabari ya kile kitabu cha matukio. Alikuwa akifuta mafuta mikononi.

"Nilikisoma, Mwalimu," akasema. "Tulikuwa tukifagia ofisi kwa zamu."

Kwa miaka zaidi ya 40 alikuwa akinipa shikamoo yangu, naye anajua. Sikuwa na la kusema ila, "Nisamehe, mwanangu."

"Yamepita, Mwalimu," alinijibu. Kisha akamwita kijana anayejifunza kazi kwake, akamsimamisha mbele yangu. "Mwalimu atakueleza kwa nini chuma hakishikwi kwa mkono."

Nikakaa juu ya kibao, nikamweleza. Nilianza na keke.