Mkono, Umeme na Sauti: Historia Fupi ya Kukipima Kinanda cha Kisasa

Kila ala ya muziki ina namna yake ya kuugua. Udi hukatika uzi, ngoma hulegea ngozi, na mpigaji huona kwa macho palipoharibika. Ama kinanda cha umeme, kile kiitwacho sinthesaiza, huugua ndani kwa ndani. Mpigaji huzungusha kifundo na sauti isibadilike, au hubadilika pasipo kuguswa na mtu. Ili kuyatambua maradhi hayo, sharti kwanza tujue mkono umeunganishwaje na sauti. Nao uhusiano huo, katika muda usiofika miaka ishirini, umegeuka mara mbili.

Mwaka 1964, nchini Marekani, Robert Moog akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch aliunda sinthesaiza ya majaribio, ambayo sehemu zake ziliunganishwa kwa nyaya za kuchomeka na kuchomoa. Mwaka 1970 ikatoka Minimoog, chombo cha kubebeka chenye vibonyezo 44, vizalishi vitatu vya sauti, na magurudumu mawili upande wa mkono wa kushoto. Ndani ya kifundo kulikuwa na njia ya kaboni na ulimi wa chuma unaoteleza juu yake, na umeme uliopita hapo ndio ulioiamuru sauti. Kwa hiyo kasoro ilisikika yenyewe. Fundi alikizungusha kifundo polepole toka mwanzo hadi mwisho. Mkwaruzo ukitokea pale pale kila mara, alijua kuwa njia imeingia vumbi au imelika. Vizalishi vya chombo hicho viliyumba kwa joto na baridi, hivyo kikaachwa kwanza kipate moto ndipo kipimwe. Waundaji wake waliweka swichi ya kutoa noti moja ya kulinganishia, ile A ya mitetemo 440 kwa sekunde, na sikio likawa ndilo hakimu.

Mageuzi ya kwanza yalikuja mwaka 1978, Dave Smith na kampuni yake ya Sequential Circuits walipotoa Prophet-5. Humo mlitiwa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Kifundo hakikuiamuru tena sauti moja kwa moja. Prosesa ilikisoma, ikageuza mahali kilipo kuwa namba, kisha ikaipa sauti amri. Faida yake ilikuwa kubwa, kwani chombo kiliweza kukumbuka sauti 40 na kuzirejesha kwa kubonyeza kitufe, na kilikuwa na kitufe kingine cha kujilinganisha chenyewe. Lakini kosa sasa lilipata maficho mawili, kwenye kifundo au kwa msomaji wake. Fundi akalazimika kutumia mantiki pamoja na sikio. Kifundo kimoja kikifa na jirani zake wazima, mgonjwa ni kifundo hicho. Vikifa kadhaa kwa pamoja, itazamwe sehemu wanayoichangia.

Mageuzi ya pili ni ya mwaka 1983. Yamaha ilitoa DX7, iliyosimama juu ya ugunduzi alioufanya John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967. Usoni mwake vifundo vilikaribia kutoweka. Badala yake palikuwa na vitufe bapa, kitelezo kimoja cha kubadilishia thamani, na vitufe viwili vya ndiyo na hapana. Mwezi Januari mwaka huo huo, katika maonyesho ya biashara ya muziki huko California, vinanda vya kampuni mbili tofauti viliunganishwa kwa waya na kuzungumza lugha moja, MIDI. Katika lugha hiyo kifundo hutuma namba kuanzia 0 hadi 127. Gurudumu la kupindia sauti lina hatua 16,384, na kitovu chake ni 8,192.

Hapo upimaji ukawa kazi ya kusoma. Kifundo kizima hupanda toka 0 hadi 127 bila kuruka, na kikiachwa hunyamaza. Kikituma namba pasipo kuguswa, njia yake ni chafu. Gurudumu likiachiwa sharti lirudi 8,192.

Jambo hili latuhusu sisi watu wa mwambao. Katika taarabu ya kisasa iliyoenea miaka ya 1990, kibodi ilichukua nafasi ya fidla na ala nyingi nyingine. Gurudumu likiwekwa kama ilivyo kawaida, huipandisha au kuishusha sauti kwa toni moja, na kwa hiyo robo toni inayopambanua maqam nyingi ni hatua 2,048 tu. Gurudumu likipumzika hatua 400 mbali na kitovu, kinanda kizima kimekwenda kombo kwa karibu sehemu ya kumi ya nusu toni, na mwimbaji ataonekana ndiye aliyekosea.

Basi fundi mwenye busara huanza na yaliyo mepesi. Hutazama waya, pedali ya sauti, na mpangilio unaounganisha vibonyezo na sauti ya ndani, kwani ukizimwa chombo kizima huonekana maiti. Kisha hujaribu sauti nyingine ya kumbukumbu. Baadaye ndipo hufungua. Chini ya kila kibonyezo katika kibodi nyingi mna mpira wenye nukta mbili za kaboni, na muda unaopita baina ya mguso wa kwanza na wa pili ndio unaopima nguvu ya kidole. Nukta moja ikichafuka, noti hunyamaza au hupiga kelele. Dawa yake mara nyingi ni kitambaa laini na spiriti safi.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kibodi kongwe hutupwa kwa kosa la vumbi na chumvi ya bahari. Nyingine huharibiwa na fundi mwenye haraka, anayeng'oa betri kabla ya kuzihifadhi kwingine sauti ilizozilinda. Kifundo hununuliwa dukani, lakini sauti aliyoitunga mpigaji kwa mkono wake, ikaingia katika nyimbo zetu, haina duka.