Mpira Ulioishiwa Upepo Porto Alegre

Ubishi wa klabu ipi ya soka ni kongwe zaidi Brazili hauishi. Flamengo huhesabu kuanzia 1895, lakini mwaka huo ilikuwa klabu ya kupiga makasia. Vitória ya Salvador ilianza 1899 kwa kriketi. Germania ya São Paulo ilitangulia kwelikweli, Septemba 1899, ila baadaye ikaachana na soka ya ushindani. Wanabaki Ponte Preta ya Campinas, iliyozaliwa Agosti 11, 1900, na Sport Club Rio Grande ya mji wa bandari wa Rio Grande, kusini kabisa, iliyoasisiwa Julai 19 mwaka uohuo. Kwangu yamekwisha: Brazili yenyewe huadhimisha Siku ya Soka kila Julai 19, na klabu imebandikwa jina la Vovô, yaani Babu.

Kinachoniudhi ni sifa ya umri kufunika kazi. Mjerumani Johannes Minnemann na wenzake walioiasisi Rio Grande, wageni kwa wenyeji, hawakuwa na wapinzani. Waligawana timu mbili wakachezeana wenyewe. Kisha wakaanza kutembeza mchezo. Septemba 7, 1903 walikuwa Porto Alegre, makao makuu ya jimbo, mpira ukaishiwa upepo mechi ikiendelea. Mtazamaji mmoja kutoka São Paulo, Cândido Dias, akawaazima wake, na baadaye akawadodosa klabu huundwaje. Siku nane tu zikapita, Grêmio ikazaliwa.

Kisa hiki husimuliwa kama ngano ya kuzaliwa kwa Grêmio, Cândido akiwa shujaa na watu wa Rio Grande wapita njia. Nakataa. Cândido alikuwa na mpira, hakuwa na timu. Wachezaji wa kutazamwa na maarifa ya kuendesha klabu vililetwa na wale wa bandarini.

Mji huo haukuwa mnyonge. Katika miaka ya 1930 ulitoa mabingwa watatu wa jimbo: São Paulo (klabu ya hapohapo, si ya lile jiji) 1933, Rio Grande 1936 na Riograndense 1939. Tangu hapo kombe limekuwa mali ya Porto Alegre, isipokuwa kwa nadra kama Juventude ilivyofanya 1998 na Caxias 2000. Babu hajalitwaa tena. Kwa miaka mingi amekuwa akihangaika katika madaraja ya chini ya jimbo, ambako Grêmio haifiki.