Muundo wa Biashara na Ujio wa Teknolojia: Fedha za Simu Katika Mtaa wa Ndosho, Goma

Ndosho ni mtaa wa komini ya Karisimbi, magharibi mwa mji wa Goma, upande wa barabara iendayo Sake. Kama ilivyo sehemu kubwa ya mji huo, umejengwa juu ya mawe meusi ya volkeno. Nje ya Kongo jina lake lilianza kusikika mwaka 1994, pale watoto waliopotezana na wazazi wao katika msafara wa wakimbizi kutoka Rwanda walipokusanywa huko; baadaye lilisikika kwa ajili ya hospitali yake, ambayo imepokea majeruhi wengi wa vita. Katika maandishi ya historia ya biashara Ndosho hautajwi. Hata hivyo, swali la jinsi muundo wa shughuli unavyoiwezesha biashara kuipokea teknolojia mpya, au unavyoizuia, ladhihirika vizuri zaidi katika vibanda vya mtaa wa namna hii kuliko katika ofisi za makampuni makubwa.

Swali hilo lilipewa umbo la kitaaluma mwaka 1987, pale Mmarekani John Zachman alipochapisha makala yake katika jarida la kampuni ya IBM. Alidai kwamba shirika husanifiwa kama nyumba: kabla ya kununua mitambo yafaa ijulikane ni taarifa gani inayotunzwa, inashughulikiwa vipi, na wapi. Mwaka 1992, akishirikiana na John Sowa, aliongeza maswali matatu: nani, lini na kwa nini. Neno "usanifu" linafaa sana hapa, kwa kuwa katika Kiswahili limekwisha kutumika kwa majengo na kwa lugha yenyewe. Ila wafuasi wa Zachman wameishughulikia mno michoro, wakalipuuza swali la "nani". Historia ya Goma inaonyesha kwamba swali hilo ndilo lililotangulia mengine yote.

Wafanyabiashara wa Kivu katika siku za mwisho za Zaire walikuwa na matatizo mawili: fedha isiyokaa na thamani yake, na umbali. Mwaka 1993 serikali ilitoa zaire mpya, moja ikiwa sawa na zaire 3,000,000 za zamani, na hata hiyo ikaporomoka. Dola ya Marekani ikawa kipimo cha bei. Kuhusu umbali, simu ya mkononi ya Telecel iliyoanza Kinshasa katika miaka ya 1980 ilikuwa ya wakubwa na matajiri. Watu wa kawaida walitegemea redio za mawasiliano, walizoziita foni. Mtu alikabidhi fedha zake penye foni moja, ujumbe ukasafiri hewani, na jamaa yake akalipwa penye foni nyingine. Wenye foni walimalizana baadaye, mara nyingi kwa bidhaa. Noti zenyewe hazikusafiri. Kilichosafiri ni neno la mtu aaminikaye.

Yafaa muundo huo uangaliwe kwa makini, maana ndio uleule ulioonekana baadaye kuwa uvumbuzi. Kampuni ya Safaricom ilipoanza majaribio ya M-Pesa nchini Kenya mwaka 2005, ilikusudia kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo. Watumiaji wakaigeuza: walitumiana fedha wao kwa wao. Kampuni ikakubali kufundishwa na wateja wake, ikabadili mpango, na tarehe 6 Machi 2007 ikaitangaza huduma hiyo kwa taifa zima. Usanifu wake ulikuwa na nguzo tatu: daftari la hesabu ndani ya mitambo, akaunti ya benki inayohifadhi fedha halisi zinazolingana na daftari hilo, na wakala mtaani, mwenye noti mkononi na salio katika simu. Tanzania ilifuata mwaka 2008. Afrika Kusini huduma hiyohiyo ilianzishwa mwaka 2010 na kufungwa mwaka 2016. Teknolojia haikutofautiana, lakini huko benki zilikuwa zimekwisha kuwafikia watu wengi, na mtandao wa mawakala haukustawi.

Kongo ilipokea M-Pesa mwishoni mwa mwaka 2012, majira yaleyale ambapo waasi wa M23 waliuteka Goma kwa mara ya kwanza. Huduma ililazimika kuwa na mifuko miwili, wa dola na wa faranga, jambo ambalo halikuhitajika Nairobi. Aidha, wakala wa Goma hakutokea hewani. Wauza vocha, wenye maduka na wabadilishaji fedha wa barabarani, waitwao kambiste, walikwishazoea kuhesabu kwa sarafu mbili na kudaiana kwa maneno. Teknolojia iliwakuta wamejipanga.

Mtihani mkubwa ulikuja mwishoni mwa Januari 2025, M23 walipouteka mji tena. Mabenki yalifungwa. Hapo nguzo tatu za usanifu zilijaribiwa kila moja kwa upande wake. Daftari lilisalimika, kwa sababu halikuwapo Goma. Hakuna aliyeweza kulipora. Lakini nguzo ya benki ilianguka, na pamoja nayo njia ya kupata noti mpya. Wakala alikuwa na salio katika simu na droo tupu. Ada za kutoa fedha zikapanda kupita viwango vilivyotangazwa, na baadhi ya watu wakavuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta noti. Zilizobaki mjini zilichakaa kwa kupita mikono mingi. Na Kongo, hata siku za amani, noti ya dola yenye mpasuko mdogo hukataliwa.

Mwezi Aprili 2025 M23 walifungua tena tawi la CADECO, shirika la akiba la serikali, pasipo ridhaa ya Kinshasa. Jengo lilifunguka, lakini uhusiano na Benki Kuu, ambao ndio ungeleta noti, haukufunguka pamoja nalo. Kwa hiyo kazi ya benki ilirudi kwa watu walioifanya zamani za foni: mwenye duka anayekusanya noti kwa mauzo ya unga na sabuni, kambiste, na jamaa walio ng'ambo ya mpaka. Muundo wa kale uliubeba ule mpya, ila haukuubeba bure. Gharama yake ilimwangukia mtu wa mwisho katika mnyororo: yule aliyetumiwa dola 20 na ndugu yake, akazisoma zote katika simu, na kupewa pungufu kibandani.