Dungu na uchaga: ulinzi wa chakula Mbwajumali

Wakulima Wabajuni wa kisiwa cha Pate, Lamu, wakiwemo wa kijiji cha Mbwajumali, kwa vizazi vingi walivuka bahari kwenda kulima bara, kwenye ardhi yenye rutuba lakini pia wanyama wengi. Mtama na mahindi yakikaribia kukomaa, mlinzi alikesha juu ya dungu, yaani jukwaa la kulindia shamba, moto ukiwaka chini, akipiga kelele kufukuza nguruwe. Tembo hakutishika upesi. Usiku mmoja wa uvamizi wake ulitosha kumaliza jasho la msimu.

Mavuno yalipandishwa kwenye uchaga, dari ya kuhifadhia nafaka juu ya meko, ambako moshi ulizuia fukusi, wadudu watoboao nafaka. Samaki naye alihifadhiwa: alipasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa, akawa ng'onda, kitoweo kikavu cha safari. Vita vya Shifta, uasi wa kujitenga kaskazini mashariki mwa Kenya, 1963 hadi 1967, viliwafukuza wakulima wengi kutoka bara, na mashamba yakarudi kuwa msitu.