Huduma bora kwa mtoto mgonjwa hupimwaje? Funzo kutoka bonde la Kilombero

Umempeleka mtoto zahanati ana homa. Amepewa dawa, mmerudi nyumbani. Utajuaje kama alihudumiwa vizuri? Wengi wetu huangalia mambo mawili: dawa zilikuwepo, na nesi hakuwa mkali. Yote mawili ni muhimu, lakini hayatoshi. Katika makala haya tunaeleza wataalamu wanavyopima ubora wa huduma, na jinsi watoto wa Kilombero na Ulanga walivyochangia elimu hiyo.

Mambo matatu ya kuangalia

Mwaka 1966 daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani, alieleza kwamba huduma ya afya hupimwa kwa mambo matatu. La kwanza ni vilivyopo: jengo, watumishi, dawa, maji, vifaa. La pili ni kinachofanyika mgonjwa akifika: anaulizwa nini, anapimwaje, anaelezwa nini. La tatu ni matokeo: amepona, amepata ulemavu au amefariki.

Zahanati inaweza kuwa na kabati limejaa dawa na mtoto bado akapewa dawa isiyo yake, kwa sababu hakuna aliyemchunguza. Hapo la kwanza lipo, la pili halipo, na la tatu linaharibika.

Wauguzi walilijua hili zamani. Florence Nightingale, muuguzi wa Uingereza aliyehudumia askari katika vita vya Crimea kuanzia 1854, aliweka hesabu za vifo na kuonyesha kwamba wengi waliuawa na maradhi, si majeraha. Alisisitiza usafi, hewa safi na jambo moja zaidi: muuguzi amwangalie mgonjwa kwa makini na aandike anachokiona.

Utafiti uliofanyika kwetu

Ifakara imekuwa na kituo cha utafiti tangu miaka ya 1950, kilichoanzishwa na Waswisi wakiongozwa na Rudolf Geigy. Leo tunakiita Taasisi ya Afya Ifakara. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wake walishiriki kujibu swali zito: je, kumfundisha mtumishi wa zahanati kumchunguza mtoto kwa utaratibu maalumu kunaokoa maisha?

Utaratibu huo watumishi wa afya wanaujua kwa kifupi chake, IMCI. Maana yake ni kumtazama mtoto mzima, si ugonjwa mmoja tu. Mtoto aliyeletwa kwa homa huenda pia ana nimonia, upungufu wa damu au utapiamlo.

Wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini zilikuwa zimeanza utaratibu huo. Kilombero na Ulanga, wakati huo Malinyi ikiwa bado ndani ya Ulanga, zilikuwa hazijaanza na ziliendelea na huduma za kawaida. Kwa hiyo bonde letu likawa upande wa kulinganishia. Mwaka 2000 watafiti walikwenda kwenye vituo, wakatazama watoto wanavyohudumiwa, kisha wakawachunguza upya wenyewe.

Katika wilaya zenye utaratibu mpya, watoto walichunguzwa vizuri zaidi, walipewa matibabu sahihi mara nyingi zaidi, na walezi walipewa maelezo bora. Gharama haikuwa kubwa kuliko kwetu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kuwa vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya hizo, kwa kipindi cha miaka miwili.

Tuliweke wazi jambo moja. Kwa hesabu za kitakwimu, tofauti hiyo ya vifo peke yake ingeweza kutokea kwa bahati. Nguvu ya utafiti huu ni kwamba matokeo yake yalielekea upande mmoja: uchunguzi bora, dawa sahihi, vifo pungufu. Baadaye utaratibu huo ulienea nchi nzima.

Hatua unazopaswa kuziona

Mtoto wa miezi miwili hadi miaka mitano akifika kituoni, mtumishi anapaswa:

– Kuuliza kama mtoto anaweza kunywa au kunyonya, kama anatapika kila kitu, na kama amepata degedege. Aangalie pia kama amelegea sana au amepoteza fahamu. Dalili moja tu kati ya hizi ni hatari.
– Kuuliza kuhusu kikohozi, kuharisha, homa na maumivu ya sikio, hata kama hukuvitaja.
– Akiwa na kikohozi au anapumua kwa shida, kuhesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto ambaye hajafikisha mwaka, au 40 au zaidi kwa aliyefikisha mwaka, ni kupumua haraka, na huenda ni nimonia.
– Kuangalia viganja kama vimepauka, na kuangalia uzito na chanjo kwenye kadi ya kliniki.
– Kukueleza dawa inavyotolewa, kukutaka uongeze vinywaji na uendelee kumlisha, na kukutajia dalili za kukurudisha haraka.

Wewe ufanye nini?

Nenda na kadi ya kliniki. Kama hatua imerukwa, uliza kwa heshima: "Sista, naomba umhesabu pumzi." Kabla ya kuondoka, rudia maelezo ya dawa kwa mdomo wako ili nesi asikie kama umeelewa. Kumbuka kwamba nesi huenda yuko peke yake na foleni ni ndefu. Kukumbushana si ugomvi.

Tatizo likijirudia, lipeleke kwa mganga mfawidhi au kwa kamati ya kituo, ambayo ina wawakilishi wa wananchi. Mwenendo wa wauguzi unasimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania.

Na kama uko shambani, kwenye dungu, mbali na kituo, dalili za hatari zisisubiri kesho. Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea, aanze safari ya kituoni sasa hivi.