Mwimbaji katika Filamu na Kumbukumbu ya Wanamuziki wa Ugogo

Filamu ya wasifu, yaani ile inayosimulia maisha ya mtu aliyewahi kuishi kwa kuwatumia waigizaji, ilipata mojawapo ya mifano yake yenye nguvu mwaka 1972, pale Diana Ross alipomwigiza Billie Holiday, mwimbaji wa jazi wa Marekani aliyefariki mwaka 1959, katika Lady Sings the Blues. Ingawa iliyabadilisha mengi ya maisha yake, filamu hiyo ilikifanya kizazi ambacho hakikuwahi kumsikia akiwa hai kuzitafuta santuri zake. Lakini pia ilizidi kuwazoesha watazamaji kumwona mwimbaji wa jazi kama mtu wa mateso kabla ya kumwona kama fundi wa sauti, na hiyo ni dhuluma kwa kazi yake.

Nchini Tanzania, wakati huohuo, jazi lilikuwa jina la bendi za muziki wa dansi zilizopiga magitaa ya umeme na ala za kupuliza, kama Morogoro Jazz na Tabora Jazz. Mwanamuziki Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi mkoani Dodoma, aliipitia Dar es Salaam Jazz kabla ya kuunda Afro 70, bendi iliyoiwakilisha nchi mwaka 1977 kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos. Mwaka 1979 alirekodi Bado Kidogo pamoja na kundi la Archimedes la Sweden. Nyimbo nyingi za enzi hiyo zilihifadhiwa kwenye tepu za Redio Tanzania Dar es Salaam, ambazo zilikuwa za kurushwa hewani, si za kuuzwa, hivyo msikilizaji wa Kongwa au Mpwapwa, mkoani Dodoma, aliweza kuijua sauti ya mwimbaji kwa miaka mingi bila kuijua sura yake.

Kwa muziki wa Ugogo, nchi ya Wagogo mkoani Dodoma, pengo hilo ni zito. Ilimba, ala ya ubao yenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, hutobolewa matundu yanayozibwa kwa utando wa buibui, nao ndio unaoipa mvumo wake. Tepu huuhifadhi mvumo huo, lakini haiuonyeshi utando, wala vidole, wala njuga za miguuni zinazoshika mapigo. Hukwe Zawose, bingwa wa ala hiyo na wa zeze, alifariki Bagamoyo Desemba 2003, na Balisidya akafuata mwaka 2004, kwa hiyo katika muda usiofika mwaka mmoja mkoa wa Dodoma ulipoteza mafundi wake wawili wakubwa.

Pwani ilibahatika zaidi. As Old as My Tongue ya mwaka 2006, ambayo ni filamu ya hali halisi, yaani isiyo na waigizaji, ilimfuata mwimbaji Bi Kidude wa Zanzibar angali hai, jukwaani na kwenye ngoma ya unyago, na alipofariki Aprili 2013 mwendo wake, mikono yake juu ya ngoma na cheko lake vilikuwa vimekwisha kuhifadhiwa. Mwongozaji atakayeyasimulia maisha ya Balisidya hatakuwa na hazina kama hiyo. Itambidi aanzie Mvumi, katika nchi ya uimbaji wa sauti nyingi kwa pamoja uliokuwepo kabla ya gitaa, na mateso ayape nafasi ndogo kuliko ufundi.