Ugonjwa wa Alzheimer: Dalili, Athari na Wajibu wa Familia

Ugonjwa wa Alzheimer ni maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kidogo kidogo kumbukumbu, fikra na uwezo wa mtu kujihudumia. Ndiyo chanzo kikuu cha demensia, yaani kupungua kwa uwezo wa akili kwa kiwango kinachovuruga maisha ya kila siku. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia mwaka 2021, na asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa hao hutokana na Alzheimer. Jina hilo ni la Alois Alzheimer, daktari wa Ujerumani aliyeueleza ugonjwa huo kwa mara ya kwanza mwaka 1906.

Katika ubongo wa mgonjwa, protini zisizo za kawaida hujikusanya ndani na nje ya seli. Seli hizo hushindwa kuwasiliana na hatimaye hufa. Sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya huathirika mapema. Ndiyo maana mgonjwa hukumbuka vyema mambo ya ujana wake, ilhali amesahau alichokula asubuhi.

Dalili za kuzingatia

Si kila usahaulifu ni ugonjwa. Mfanyabiashara mwenye umri mkubwa katika soko la Mchikichini, wilayani Ilala, anaweza kusahau alipoweka funguo za kibanda na kuzikumbuka baadaye. Hiyo ni hali ya kawaida. Dalili ya kutia shaka ni pale anaposhindwa kuhesabu chenji aliyoizoea kwa miaka mingi, anaporudia swali lile lile mara kadhaa kwa muda mfupi, au anapopotea katika njia ya kutoka Kariakoo kurudi nyumbani.

Ugonjwa unapoendelea, mgonjwa huhitaji msaada wa kuoga, kuvaa na kula. Huweza kukasirika bila sababu, kumshuku jirani kuwa amemwibia, au kutowatambua watoto wake.

Si uchawi wala laana

Mabadiliko hayo ya tabia yamesababisha baadhi ya wazee kufichwa ndani au kushukiwa uchawi. Imani hiyo huhatarisha maisha yao na huchelewesha matibabu. Wala maradhi haya si ya nchi za mbali: utafiti uliofanyika katika vijiji vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ulibaini kuwa takribani asilimia 6 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia.

Uchunguzi na matibabu

Mzee mwenye dalili hizo apelekwe mapema katika kituo cha afya, ambako anaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Amana au Hospitali ya Taifa Muhimbili. Uchunguzi ni muhimu kwa kuwa upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na baadhi ya dawa huweza kuleta usahaulifu unaotibika. Ugonjwa wa Alzheimer wenyewe hauna tiba ya kuuponya, lakini zipo dawa zinazopunguza makali ya dalili kwa baadhi ya wagonjwa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na ilisisitiza haki yake ya kupata matunzo na huduma za afya.

Matunzo ya nyumbani

Familia inashauriwa kuzungumza na mgonjwa kwa utulivu na sentensi fupi, kutobishana naye, na kudumisha ratiba isiyobadilika. Katika maeneo yenye msongamano, ni vyema awe na karatasi mfukoni yenye namba ya simu ya ndugu, na majirani pamoja na ofisi ya Serikali ya Mtaa wajulishwe hali yake. Akipotea, taarifa itolewe Polisi mara moja. Anayemuuguza naye anahitaji kupokezana na wenzake ili apumzike.

Kudhibiti shinikizo la juu la damu na kisukari, kuacha sigara, kufanya mazoezi na kutibu matatizo ya kusikia hupunguza uwezekano wa kupata demensia. Siku ya Alzheimer Duniani huadhimishwa Septemba 21 kila mwaka.